Samaki wa Baruti

Watoto wapenzi, kila Jumamosi asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, mchuuzi wa samaki huja hapa kwetu Muheza kutoka pwani ya Tanga. Huja kwa pikipiki, na nyuma yake amefunga tenga lililofunikwa kwa majani ya mgomba. Akifika penye mwembe ulio karibu na nyumba za walimu hupiga honi mara tatu, na watu hutoka na masufuria yao. Mimi nami hutoka. Walakini sinunui upesi kama wenzangu. Kwanza humfunua samaki mashavu, nikatazama rangi ya matamvua yake. Kisha humbonyeza mgongoni kwa kidole gumba. Kisha humlaza juu ya kiganja, nikaona kama amenyooka au kama amelegea mfano wa kitambaa kilicholowa. Mwisho humwomba mchuuzi ampasue mmoja mbele ya macho yangu.

Siku moja mtoto wa darasa la sita, aliyetumwa na mama yake, alisimama akanitazama, akaniuliza, "Mwalimu, mbona wampima samaki kama daktari apimavyo mgonjwa? Huyu si amekwisha kufa?" Watu wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini nilipoingia ndani, swali lile liliingia pamoja nami. Nikaona kwamba mtoto yule astahili kupata jibu, nanyi pia mwastahili. Jibu lenyewe si fupi, maana lilianza zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Baba yangu alikuwa Mbondei wa huku huku Muheza, na kazi yake ilikuwa ualimu kama yangu. Mama yangu alikuwa mtu wa pwani, binti wa mvuvi. Kijiji cha babu, yaani baba yake mama, ki baina ya Tanga na Pangani, mahali penye mikoko na minazi, si mbali na magofu ya kale ya Tongoni. Kila shule zilipofungwa mwezi wa Desemba, mimi nalipelekwa kule. Nalichukua machungwa na mihogo ya kwetu kuwa zawadi, na niliporudi nalichukua nazi na ng'onda. Siku zile nalizihesabu tangu mwezi wa Oktoba.

Babu alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye vidole vinene kama kamba za nanga. Mali yake ilikuwa ngalawa moja na madema kumi. Huenda wengine wenu hamjapata kuona dema. Ni mtego uliosukwa kwa fito na mianzi iliyopasuliwa, nao una mlango mwembamba ambao samaki aweza kuuingia lakini hajui kuutokea. Dema hutiwa chambo, likashushwa kando ya mwamba, na kesho yake mwenyewe huja kulipandisha. Babu alisuka madema yake kwa matundu mapana. Nalimwuliza sababu, akanijibu, "Yule mdogo mpishe aende zake. Bado hajamaliza shule." Basi samaki wadogo walitoka kwa matundu, na wakubwa wakabaki. Jioni alikaa kizingitini akitengeneza dema lililovunjika, nami nikimpasulia fito. Hivyo ndivyo nalivyojifunza kwamba uvuvi ni kazi ya kungoja. Mvuvi hungoja mwezi, hungoja bamvua na maji mafu, hungoja upepo wa kaskazi utulie; na akisha kungoja kote huko, hupata samaki wa kutosha watu wa nyumba yake na wa kuuza kidogo.

Lakini katika miaka ile pwani ya Tanga ilikuwa imeshikwa na ugonjwa, na jina la ugonjwa ule ni baruti. Watu walipata baruti iliyoibwa mahali pa kuvunjia mawe na migodini. Waliitia utambi, wakaiwasha, wakaitupa baharini mahali palipokusanyika samaki. Maji yakapasuka, na kila chenye uhai kilichokuwa karibu kikafa papo hapo, kikubwa na kidogo. Sheria ilikuwa imekataza jambo hilo tangu mwaka 1970, na kila mtu alijua kwamba limekatazwa. Hata hivyo mlio ulisikika karibu kila siku. Ukiwa nchi kavu, ulikuwa kama mlango mzito uliofungwa kwa nguvu mbali sana, chini ya ardhi. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo walisimamisha mikono kidogo, kisha wakaendelea. Hakuna aliyeinua kichwa kuuliza, "Nani?" maana wote walijua ni nani.

Mwaka 1991 nalikuwa na umri wa miaka 12. Nalikuwa na kaka yangu pale kijijini, mwana wa mama mkubwa, mwenye umri wa miaka 19. Jina lake nitalificha. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye nguvu, tena mkarimu, nami nalimpenda kuliko ndugu zangu wote. Asubuhi moja alinikuta ufukoni, akaniuliza, "Wewe wa bara, wajua kupiga mbizi?" Nikamjibu kwamba najua. Akasema, "Basi panda."

Twalikuwa watu wanne ndani ya mtumbwi. Tulipofika juu ya mwamba kaka alisimama, akatazama maji kwa muda, akaniamuru nizibe masikio. Sitaeleza yote aliyoyafanya. Mtumbwi ulitetemeka, na maji yakainuka kama mgongo wa mnyama, kisha yakatulia yakawa na rangi ya maziwa. Kaka akapiga kelele, "Haya, mbizi!" Nikajitupa majini.

Watoto, nataka niwaambie kweli yote. Nalifurahi. Samaki walikuwa wakianguka polepole kutoka juu, wakimetameta, nami nikawaokota mfano wa mtu aokotaye maembe baada ya upepo mkali wa usiku. Haikuwapo haja ya chambo, wala ya kungoja mwezi. Ilipopita saa moja twalirudi pwani, na fungu langu lilikuwa changu kumi na wanne wazuri, nikawatunga kwa ukindu. Siku ile babu alikuwa amepandisha madema yake yote kumi, akapata pono watatu na chewa mmoja.

Nalipofika nyumbani nikamwamkia babu, nikampa utungo wangu kwa fahari. Aliupokea, akamshika samaki mmoja, akambonyeza mgongoni kwa kidole gumba. Akaniuliza, "Nani aliyekupa?" Nikasema, "Watu wa mashua." Babu hakusema neno. Alitwaa kisu, akampasua yule samaki, akanionyesha. Tumbo lake lilikuwa limejaa damu iliyovilia, na uti wa mgongo ulikuwa umekatika katikati kama kijiti. Akampasua wa pili, naye alikuwa vivyo hivyo. Kisha akampa bibi wale samaki wote, akamwambia awapike.

Nalidhani nitapigwa, walakini sikupigwa. Jioni bibi aliandaa chakula mkekani. Mbele yangu aliweka sahani kubwa ya samaki, wote walikuwa wangu. Mbele yake mwenyewe na mbele ya babu aliweka kisamvu. Babu akasema, "Kula, mjukuu wangu. Chakula hakitupwi." Nikala, na wao wakala kisamvu chao, na hakuna aliyesema neno mpaka tulipokwisha nawa mikono. Ningependa kuwaambia kwamba samaki wale walikuwa wachungu, lakini hawakuwa wachungu. Walikuwa watamu sana. Shida yangu ni kwamba nalikuwa nikila peke yangu.

Kesho yake alfajiri babu aliniamsha, akasema Bismillahi, tukasukuma ngalawa. Alikuwa amebeba miwani ya maji, ambayo wavuvi hutumia kutazamia chini. Kwanza alinishusha penye mwamba mmoja wa mbali, karibu na mahali pa madema yake. Nikatazama. Mwamba ule ulikuwa kama bustani. Yalikuwapo matumbawe mengine yenye matawi kama pembe za paa, mengine mapana kama meza, mengine ya mviringo kama mawe ya kinu. Na baina yao samaki wa kila rangi walikuwa wakiingia na kutoka kama watu wa sokoni. Nalitaka kukaa kutwa nzima. Babu akanipandisha, akatweka tanga, tukaenda mpaka penye mwamba ule ambao kaka alitupia baruti. Akaniambia, "Shuka tena."

Nikashuka. Pale palikuwa kama mahali palipovunjiwa vyungu. Matawi yote yalikuwa chini, vipande vipande, meupe. Na juu ya mchanga, na baina ya vipande vile, walilala samaki wadogo sana, wa ukubwa wa kucha yangu na wa ukubwa wa kidole changu, ambao hatukuwaokota kwa kuwa hawakufaa kuliwa. Nikapanda juu nikamweleza babu nilivyoona. Akasema, "Rudi uwahesabu." Nikarudi, nikahesabu mpaka mia, pumzi ikaniishia, nikapanda. Nalikuwa sijamaliza hata mahali palipotosha kutandika mkeka mmoja. Babu alikuwa akitazama pwani. Akanena, "Wewe uliokota kumi na wanne."

Nalipokuwa mwalimu nalisoma vitabuni sababu ya mambo niliyoyaona siku ile. Matumbawe si mawe, bali ni kazi ya viumbe vidogo vyenye uhai, ambavyo hujijengea nyumba za chokaa, kizazi juu ya kizazi. Aina nyingine hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Basi tumbawe lenye urefu wa mtoto wa darasa la tano huenda likawa na umri kupita mzee yeyote wa kijiji, na baruti hulivunja kabla hamjakwisha kutamka jina lake. Tena vipande vilivyovunjika hubingirishwa na mawimbi huko na huko, na tumbawe changa haliwezi kushika mizizi juu ya kitu kisichotulia. Kwa hiyo mwamba uliopigwa waweza kukaa miaka mingi bila kupona. Na samaki naye, kwa kuwa aina nyingi zina kibofu cha hewa tumboni, mshindo huupasua mwili wake kutoka ndani. Hii ndiyo sababu ya damu ile na ya mfupa ule uliovunjika.

Sasa labda mwafikiri kwamba baada ya kuonyeshwa hayo nalitubu, nikamwambia kaka, "Siji tena." La, sikusema hivyo. Baada ya siku chache kaka alinijia akaniambia nimngoje ufukoni alfajiri, na ya kwamba akiuza atanipa fedha za kununulia viatu vya shule. Viatu vyangu vilikuwa vimetoboka. Nikalala huku nimekusudia kwenda. Usiku ikanyesha mvua, usingizi ukawa mzito, nikachelewa kuamka. Wema haukuniokoa, usingizi ndio ulioniokoa.

Niliamshwa na vilio. Watu walikuwa wakipanda kutoka ufukoni wakimchukua kaka yangu juu ya kitanda cha kamba. Utambi ulikuwa mfupi, na baruti ililipuka kabla haijatoka mkononi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekatika penye kifundo. Wakampakia katika gari la mkonge lililokuwa likipita, wakampeleka mjini Tanga hospitalini. Mungu alimjalia, akapona. Wenzake wawili walipata majeraha ya uso. Mahali pangu katika mtumbwi, pale nilipokaa siku ya kwanza, ubao ulikuwa umetoboka.

Siku ya tatu watu wa Serikali walikuja kuuliza. Wazee waliketi chini ya mkungu, nasi watoto tukasimama nyuma. Mzee mmoja alisema kwamba kijana aliumizwa na injini ya mashua. Wa pili akasema vivyo hivyo. Wakamwuliza babu. Babu akatazama bahari kwa muda mrefu, akasema, "Mimi ni mzee, sikuona." Kisha mmoja wa wageni wale, mtu mpole, akaniita, akaniuliza kama najua kaka yangu alipata wapi baruti. Nami nalijua. Nalimwona mara mbili mtu aliyekuja jioni kwa baiskeli, na gunia dogo limefungwa nyuma, akaingia nyumba ya jirani. Nalimjua kwa sura na kwa jina. Nikamtazama babu, nikawatazama wazee, nikasema, "Sijui."

Wageni wakaenda zao. Na mtu wa baiskeli, baada ya mwezi mmoja kupita, alirudi na gunia lake. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio kitamfichua. Sisi kilio kilikuwa kimekwisha kutufichua, na bado tukaendelea kuficha.

Jioni ile babu alikaa kizingitini na dema mapajani, lakini mikono yake haikufanya kazi. Akaniambia, "Mjukuu wangu, samaki wako nalikataa kumla. Uwongo wa leo nimeula, na uchungu wake nauona kooni." Hakusema tena habari ile mpaka alipofariki mwaka 2002.

Sasa nitawapa kwa ufupi habari za miaka iliyofuata. Mwaka 1994 ulianza mpango wa kuhifadhi pwani ya Tanga, na Serikali ikaketi pamoja na wanakijiji wenyewe kupatana namna ya kuitunza miamba. Miamba mingine ilifungwa ipumzike, na watu wa vijijini wakatoka kwa zamu kulinda. Kazi ile ilikuwa ngumu, maana aliyekamatwa aliweza kuwa shemeji au mpwa wa aliyemkamata. Mlio ukapungua, kisha baada ya miaka ukarudi tena kwa nguvu. Mwaka 2003 ilitungwa sheria mpya ya uvuvi, yenye adhabu ya kifungo kwa mtu avuaye kwa baruti. Mwaka 2015 Serikali ilikusanya idara zake mbalimbali ziwe kikosi kimoja cha kupambana na uharibifu wa namna hii, na katika miaka michache iliyofuata mlio ulipungua sana katika pwani yetu. Mtu asije akadhani kwamba ugonjwa uliopungua ni ugonjwa uliokwisha.

Katika miaka hiyo hiyo bahari yetu ilitoa jambo ambalo babu angalifurahi kulisikia. Yuko samaki aitwaye silikanti. Wataalamu walimjua kwa alama zake tu, zilizobaki katika mawe ya kale, wakasadiki kwamba ametoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Hata tarehe 22 Desemba 1938 msichana mtunzaji wa makumbusho ya mji wa East London, katika Afrika Kusini, jina lake Marjorie Courtenay-Latimer, alimkuta mmoja katika shehena ya samaki waliovuliwa karibu na hapo. Dunia nzima ilistaajabu. Basi kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania nao walianza kumpata, na hasa hapa Tanga, katika nyavu za jarife zilizotegwa kilindini kwa ajili ya papa. Ni samaki mkubwa, aweza kupata urefu wa mtu mzima na zaidi, na mapezi yake yamekaa kama viungo vya mnyama atembeaye. Huzaa watoto walio hai, tena hukaa mchana katika mapango ya chini. Mwaka 2009 ilitangazwa hifadhi ya bahari yenye jina lake, kuanzia kaskazini ya mlango wa mto Pangani mpaka kupita mji wa Tanga. Mwamba wa babu yangu umo ndani yake.

Watu husema, "Tazama, bahari haiishi, hata samaki wa kale bado yumo." Mimi sifikiri hivyo. Silikanti alisalia kwa sababu alikaa mahali ambapo mkono wa mtu haukufika. Nao wako wasemao kwamba wavuvi walikwenda kutega kilindini kwa kuwa miamba ya karibu ilikuwa imekwisha kuharibika. Ikiwa ndivyo, basi hakuja yeye kutusalimu, bali sisi ndio tuliokwenda kumbishia hodi.

Nimebakiza neno moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Mwaka mmoja naliwachukua wanafunzi wa darasa la sita kwenda pwani kutazama bahari, nikawapeleka kwa kaka yangu. Sasa yeye ni mtu mzima, mwenye mvi, na kazi yake ni kushona nyavu chini ya mkungu ule ule. Hushika wavu kwa meno na kwa vidole vya mguu, na mkono wake wa kushoto hupitisha sindano upesi hata macho hayawezi kuufuata. Watoto walimzunguka, wakamwamkia, wakamwuliza maswali mengi, naye akawajibu kwa mzaha kama ilivyo desturi yake. Kisha msichana mmoja akauliza, "Mzee, nani alikuuzia baruti?"

Sindano ikasimama. Kaka akatoa wavu kinywani. Akasema, "Amekwisha kufa." Akanyamaza kidogo, kisha akasema tena, "Waliniuliza hospitalini, nikasema ni injini. Wakawauliza wazee, wakasema ni injini." Halafu akaninyoshea ule mkono usio na kiganja, akasema, "Na huyu mwalimu wenu, naye aliulizwa."

Watoto wote thelathini wakageuka wakanitazama.

Naweza kuwaambia kwamba katika miaka yote ya kazi yangu sijapata kusimama mbele ya darasa lililonyamaza kama lile. Nikasema, "Ni kweli. Naliulizwa, nikasema sijui, nami nalijua." Yule msichana akauliza tena kwa sauti ndogo, "Ungalisema, ingekuwaje?" Nikajibu kwamba sijui, na safari hii lilikuwa jibu la kweli. Huenda yule mtu angalifungwa. Huenda jirani zetu wangalituchukia, na mama mkubwa angalilia mara mbili. Lakini baada ya kaka yangu walikuwapo vijana wengine wawili wa kijiji kile waliopotelewa na viungo, na mmoja wao hakupona. Hao nawafikiri mara nyingi.

Basi, watoto wapenzi, hiyo ndiyo sababu yangu ya kumbonyeza samaki. Neno nililolimeza mwaka 1991 siwezi kulitapika leo likawafaa wale waliokwisha umia. Lakini baruti haiishi kwa aitupaye peke yake. Huishi kwa auzaye, kwa anyamazaye, na kwa anunuaye samaki bila kumtazama. Yule wa tatu naweza kukataa kuwa yeye, nanyi mwaweza. Jifunzeni dalili. Samaki aliyekaa siku nyingi hulegea pia, lakini macho yake huwa yamefifia na matamvua yake yamepoteza wekundu. Samaki wa baruti aweza kuwa na macho maang'avu na matamvua mekundu, na huku nyama yake imelegea. Mkimwona hivyo, mwombeni mwenyewe ampasue. Mkiona damu imevilia tumboni, au uti umevunjika, mrudisheni, mkaseme wazi sababu ya kumrudisha. Na mtu mzima wa haki akiwauliza jambo mlijualo, msimtazame babu wala wazee kwanza.

Mchuuzi wetu wa Jumamosi, zamani kidogo, alinipasulia samaki mmoja mbele ya watu, na damu ikaonekana. Nikamrudishia, nikasema kwa sauti kwamba huyu ni wa baruti, sitamla. Alikasirika, akaniambia, "Mwalimu, watu wote wananunua, wewe nani?" Akawasha pikipiki yake akaenda. Jumamosi mbili hakupita njia yetu, na jirani zangu wakaninung'unikia kwa kuwa walikula mchicha kwa sababu yangu. Jumamosi ya tatu honi ililia mara tatu chini ya mwembe. Nikatoka na sufuria langu. Mchuuzi hakuniamkia. Alifunua majani ya mgomba, akachagua samaki mmoja, akampasua kabla sijamwomba, akaniwekea mbele ya macho yangu. Tumbo lilikuwa safi, na uti ulikuwa mzima.

Nikanunua wawili.